Ukitafuta mshauri wa kukusaidia kusamehe, muulize hili kwanza

Ukidhulumiwa na ndugu yako wa damu, ushauri utakaoupata ni mmoja tu: yaishe. Damu nzito kuliko maji, yule ni mkubwa wako, msibani mtakutana tu. Mimi niliusikia mpaka basi baada ya kaka yangu kuuza kiwanja cha marehemu baba kwa siri. Kwenye mkataba wa mauziano palikuwa na alama ya dole gumba la mama, ambaye aliambiwa anasaini fomu za bima ya afya. Hela iliuma, lakini lile dole gumba ndilo lililoninyima usingizi.

Wazee wa ukoo walitukalisha kikao, tukapeana mikono, tukala pilau. Nawaheshimu kwa hilo. Hata afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwasuluhisha, na wengi wanaifanya kazi hiyo vizuri. Ila suluhu ni ya watu wawili. Kinyongo kinachokuamsha saa nane za usiku ni chako peke yako, na hapo ndipo anapohitajika mtaalamu.

Kwa pa kuanzia, nenda hospitali. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, wana huduma za afya ya akili, na ukiwa mkoani ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwenda huko hakumaanishi umerukwa na akili. Mwambie wa mapokezi kwamba unamtaka mwanasaikolojia, mtu wa kuzungumza naye, maana usipofafanua unaweza kupangiwa daktari wa dawa. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo kule omba kuona leseni bila kuona haya. Hapa kwetu muulize alisomea wapi na nani anamsimamia. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa swali hilo.

Lakini kama umeanza kuwaza kujidhuru, usipoteze muda kuchagua mshauri, nenda hospitali leo. Na kama aliyekuumiza bado anakupiga au kukutishia, tangulia dawati la jinsia na watoto polisi. Msamaha utangoje.

Sasa swali lenyewe. Siku ya kwanza kabisa, muulize: "Nikimsamehe, ni lazima nirudiane naye?" Akijibu ndiyo bila kutaka kujua ulifanywa nini, tafuta mwingine. Mshauri wa kwanza niliyempata aliniambia, kabla hata sijamaliza kueleza, nitoe simu nimpigie kaka palepale, niseme nimemsamehe. Sikurudi kwake. Wa pili alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza wino wa lile dole gumba ulikuwa rangi gani. Nikajibu: zambarau. Nikalia kilio ambacho sikukilia hata kwenye msiba wa baba.

Baadaye nilijifunza kwamba utaratibu ule wa mshauri wa pili, wa kuanza na maumivu kabla ya msamaha, una msingi. Robert Enright, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison nchini Marekani, ametafiti msamaha tangu miaka ya 1980, na katika njia yake hatua ya kwanza ni kuifunua hasira na kuitazama ilivyokuharibia maisha. Uamuzi wa kusamehe unafuata baada ya hapo. Kisha inakuja kazi ndefu ya kumwelewa aliyekukosea, bila kumtetea. Kwa hiyo anayekutaka usamehe wiki ya kwanza anakurusha hatua, na hasira uliyoifunika itarudi. Enright pia anatenganisha kusamehe na kupatana: la kwanza unaweza kulifanya peke yako, la pili linahitaji mwenzako naye abadilike.

Hili liliniondolea mzigo mkubwa, kwa sababu shauri letu liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ndugu walikuwa wananiambia siwezi kusema nimesamehe huku nadai kiwanja. Naweza. Haki ya mama inadaiwa kwa nyaraka na mashahidi. Sihitaji kumchukia kaka ili niidai.

Kama wewe ni mtu wa ibada, mwambie mshauri mapema. Padri au sheikh wako hana ugomvi na kazi hii, na mshauri mzuri ataheshimu sala zako bila kuzitumia kukusukuma. Chagua pia mtu mnayeweza kuzungumza lugha unayolilia. Na suala la malipo liulize kwenye simu, kabla ya kupanda daladala: kila kikao bei gani, kinachukua muda gani, na kama bima yako inapokelewa. Wapo wanaokubali kupunguza ukieleza hali yako, ila lazima uanze wewe kusema.