Maswali ya Jikoni: Kabla Hujalipia Jiko la Sentimita 90

Toleo hili barua nyingi zinauliza kuhusu majiko ya bei kubwa. Tumechagua tano.

Wahariri, habari za kazi. Tunabomoa jikoni na kujenga upya. Nyumbani tuko wanane na wikendi wageni hawakosekani: pilau, biriani, chapati. Dukani wananishawishi nichukue jiko la sentimita 90, plate sita za gesi juu na oveni ya umeme chini. Fundi umeme wetu anasema gesi imepitwa na wakati, niweke induksheni, lile jiko la umeme la kioo linalopasha sufuria kwa sumaku. Nimsikilize nani?
*Mama wa watoto watano, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Kwa mapishi hayo, mama, wasikilize wa dukani, ila plate sita waachie wenyewe. Chukua tepu upime sufuria yako ya pilau. Ikiwa na upana wa sentimita 40, itafunika plate mbili kwa mpigo, na plate za jirani zitabaki na nafasi ya birika tu. Jiko la upana huohuo lenye plate tano, kubwa ikiwa imekaa peke yake katikati au pembeni, linabeba sufuria hiyo na nyingine bila kusukumana. Plate ya sita ni ya kuuzia jiko.

Ukishamaliza kuangalia rangi na vishikio, omba kitabu cha jiko ufungue ukurasa wa kilowati. Kwa kawaida plate ndogo ina kilowati 1, ya kati 1.7 au 1.8, kubwa 3, na ile ya pete mbili au tatu ina 4 hadi 5. Muuzaji ataisifia hiyo ya mwisho. Wewe muulize upande wa pili: ikipunguzwa kabisa, inabaki na moto kiasi gani? Wali wa nazi ukishakauka maji unataka kilowati 0.3 au 0.4 hivi. Zaidi ya hapo utaungua chini, nawe utarudi kutafuta makaa ya kupalia. Omba jiko liwashwe mbele yako, moto upunguzwe hadi mwisho, kisha ufunge mlango wa oveni kwa nguvu. Moto ukizimika kwa upepo wa mlango, tafuta jingine, bei iwe yoyote.

Kila plate iwe na kihisio cha moto, yaani ile sindano fupi iliyo kando ya cheche. Upepo ukizima moto, sindano hupoa na gesi hujifunga yenyewe kwa muda mfupi. Ndiyo sababu majiko haya hukutaka ushikilie kitufe sekunde chache baada ya kuwasha. Ukiachia na moto ukafa kila mara, mara nyingi sindano ina masizi au imesogea mbali na mwali. Isafishe kabla hujaita fundi.

Angalia pia vichwa vya plate vimetengenezwa kwa nini. Vya aluminiamu, kwa hewa ya bahari na supu yenye chumvi inayofurika, huanza kuliwa na matundu yake hupoteza umbo, mwali ukawa mrefu upande mmoja. Vya brasi, kama wanavyoweka ILVE wa Italia, ni vizito na hudumu zaidi. Kama kuna mahali pa kuongeza hela, ni hapo, si kwenye saa ya kidijitali.

Oveni ya umeme unafanya vizuri kuichagua, kwa sababu ile ya gesi huchoma chini na kuacha juu papo hapo, hasa kwa keki na mikate. Usinunue kwa kuhesabu lita. Beba sinia lako kubwa uliingize ndani, mlango ufungwe. Ujue pia kwamba oveni moja pana huchelewa kupata moto. Kama kila siku unapasha vitu vidogo, jiko la sentimita 90 lenye oveni mbili, kubwa na nyembamba, litakupunguzia umeme wa LUKU.

Sasa gesi yenyewe. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu kilowati-saa 13.7. Plate tano zikiwaka zote kwa nguvu ni kama kilowati 12, yaani karibu kilo 0.9 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kasi hiyo: gesi ikivukizwa haraka mtungi unapoa, unatoa jasho, na moto unanyong'onyea hata kama gesi bado imo. Weka mitungi miwili ya kilo 15 nje ya nyumba, iunganishwe kwa vali ya kubadilishia mitungi. Regulator iwe ya presha ndogo ya milibari 30 inayoweza kupitisha angalau kilo 1.5 kwa saa. Ile ya kuzungusha, wanayotumia mama lishe kwenye majiko makubwa, usiiguse: presha yake haikutengenezwa kwa jiko hili.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatambaa chini kutafuta shimo. Mitungi ikae mbali na mifereji, chemba na matundu ya chini ya ukuta. Bomba la shaba liingie ndani na kuishia kwenye koki utakayoifikia bila kuvuta jiko; mafundi wengi huificha nyuma ya oveni, ambako kuna joto na mkono haufiki. Haya yote yachorwe ukutani kabla fundi kabati hajakata ubao hata mmoja. Vipimo vya umbali unaotakiwa kati ya jiko na ubao viko kwenye kitabu cha jiko, na kila kiwanda kina vyake.

Nimeambiwa nikiweka induksheni nitatupa sufuria zangu zote. Ni kweli? Na nyumba yangu ni ya kupanga, umeme wa fezi moja.
*Msomaji, Nairobi*

Chukua sumaku ya mlango wa friji uiweke chini ya kila sufuria. Ikishika kwa nguvu, sufuria itapika. Ikishika kwa kulegea, itapika kivivu na kulalamika kwa mlio. Sufuria za aluminiamu tulizozizoea hazishiki kabisa, na zile zenye tumbo la mviringo hazikai vizuri kwenye kioo hata zikishika. Kile kisahani cha chuma cha kuweka katikati kinauzwa, lakini kinageuza induksheni kuwa jiko la koili la kawaida, nawe umelipa bei ya induksheni.

Inayovutia ni hii: karibu asilimia 85 ya umeme inaingia kwenye chakula, wakati kwenye gesi theluthi mbili hivi ya moto unapita kando ya sufuria na kukuchoma wewe. Lakini jiko la plate nne huvuta hadi kilowati 7.4, kama ampea 32. Hilo haliingii kwenye soketi ya pini tatu ya ampea 13, ambayo mwisho wake ni kilowati 3. Linataka waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi, breka yake, na ethi iliyopimwa. Mwenye nyumba asiporuhusu, tafuta modeli inayokubali kuwekewa kikomo cha jumla cha umeme inaovuta. Nyingi za bei ya juu zina mpangilio huo.

Kinachoua majiko haya kwetu ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika, na mende. Weka kinga ya umeme unaopanda ghafla kwenye bodi, na chini ya jiko acha nafasi ya hewa kama kitabu kinavyosema. Droo ikijazwa mifuko hadi juu, feni inakosa pumzi na bodi ya ndani inaungua.

Nipo Texas na naandaa kontena la kurudi nyumbani Moshi. Nimepata jiko la Kimarekani la inchi 48 kwa bei nzuri. Nilipakie?
*Kaka wa Houston*

Inategemea oveni yake. Kama ni ya umeme, liache huko huko. Majiko hayo hutegemea umeme wa Marekani wenye nyaya mbili za volti 120 na nyutro katikati: oveni inavuta 240 kati ya nyaya mbili, huku taa na saa zikitumia 120. Kwetu volti 230 inakuja kwa waya mmoja na nyutro. Transfoma ya kugawa mzigo wote huo ni kubwa, inapiga joto na inakula nafasi ya kabati.

Likiwa la gesi juu na chini, inawezekana. Umeme unatumika kwa cheche, taa, feni na kiwashio cha oveni, hivyo transfoma ya wati 1,000 ya kushusha hadi 120 inatosha mengi yake. Hakikisha kwenye kibandiko cha nyuma. Huko mkondo ni wa hezi 60 na huku 50, kwa hiyo feni itazunguka polepole na saa inaweza kuchelewa. Umeme ukikatika, oveni nyingi za aina hiyo hazifungui gesi, ila plate unaweza kuwasha kwa kiberiti.

Mambo mawili yafanye ukiwa bado Houston. La kwanza, nunua seti ya kubadilishia kwenda gesi ya mtungi ya modeli hiyohiyo, maana nyingi huuzwa zimewekwa kwa gesi asilia. La pili ni nati. Mdomo wa gesi wa Kimarekani wa nusu inchi na wa kwetu una idadi sawa ya nyuzi, 14 kwa inchi, lakini pembe ya nyuzi ni tofauti, digrii 60 dhidi ya 55. Vinashikana vizuri kabisa kwa mkono, vikikazwa vinavuja. Beba kiungio cha kubadilisha, na utepe wa nyuzi usiutegemee kuficha tofauti hiyo. Garantii ihesabu kuwa haipo.

Nyumba ni mpya, jiko jipya, lakini mapazia na dari vimeshaanza kunata mafuta. Tuna kifyonza moshi juu ya jiko, chenye chujio la mkaa.
*Msomaji, Mwanza*

Chujio la mkaa hupunguza harufu na kurudisha hewa ileile ndani. Kwa sangara wa kukaanga halifai. Kinatakiwa kifyonza chenye bomba la kwenda nje, la milimita 150, laini ndani, na kona zisizidi mbili. Hesabu: urefu mara upana mara kimo cha chumba, mara 10. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kwa 2.8 ni mita za ujazo 39, hivyo unahitaji karibu 400 kwa saa. Kwa jiko kubwa la gesi nunua cha 600 au 700, kwani bomba na kona hula sehemu. Upana wake usipungue wa jiko, na juu ya gesi kikae sentimita 65 hadi 75. Acha na upenyo wa hewa kuingia, la sivyo kitanguruma bila kuvuta.

Jiko la Kiitaliano limefungwa wiki iliyopita. Moto ni wa njano, mrefu, na sufuria zinakuwa nyeusi. Duka linasema gesi yangu ni mbaya.
*Msomaji, Unguja*

Karibu hakika jiko lina nozeli (vitundu vinavyotoa gesi) za gesi asilia. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zimeungwa kwenye bomba la gesi asilia la TPDC, shirika la mafuta la Tanzania, lakini kwako wewe ni mtungi, na mtungi unataka tundu dogo zaidi. Inua kichwa cha plate, tazama katikati: nozeli ina namba ya tundu katika sehemu za mia za milimita. Kwa mtungi wa milibari 30, plate ndogo huwa karibu na 50, ya kati 65, kubwa 85. Ukikuta 72, 97 na 115, umepata jibu.

Seti ya pili kwa kawaida huja kwenye mfuko mdogo pamoja na kitabu, na mara nyingi hutupwa na maboksi. Idai dukani. Fundi asipanue wala kuziba tundu kwa waya. Nozeli hufunguliwa kwa spana ya bomba ya milimita 7, mtungi ukiwa umefungwa. Baada ya hapo skrubu ndogo ya moto wa chini, iliyo ndani ya shina la kitufe, nayo irekebishwe, wengi huisahau. Kisha fungua gesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na usiwashe hadi uone hakuna pahala linapopuliza mapovu.