Kabla hujaongeza dawa ya nne

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya presha hapa Lamu, juzi nimeona tena kadi imeandikwa "presha sugu", dawa ya nne imeongezwa, na mgonjwa hajaulizwa kitu. Inaniuma.

1. Presha sugu ni 140/90 au zaidi ilhali mgonjwa anameza dawa tatu za makundi tofauti, mojawapo ya kukojoza, kwa dozi kamili anayoihimili. Ikiwa nyumbani iko sawa, hiyo ni hofu ya kliniki.

2. Kabla ya kupima, apumzike dakika tano, aegemee, mkono usawa wa moyo, mkanda wa kipimo juu ya ngozi, si juu ya buibui. Salamu zetu ni ndefu: mzimalize kwanza, maana mtu akiongea presha hupanda.

3. Msiulize, "Unameza dawa?" Atajibu, "Nameza," kwa heshima tu. Bibi mmoja wa Faza, kisiwani Pate, anayekuja kwa boti, alikuwa akifika na presha ya 180 kila kliniki. Tukamwongezea ya nne. Mjukuu wake akaanza kumsimamia, akamezeshwa zote. Alfajiri moja akiinuka kwenda kutawadha, kizunguzungu kikamchukua, akaanguka, akavunjika mkono. Wodini, baada ya kunitazama kitambo, akasema: "Mwanangu, botini hamna choo." Siku ya safari aliogopa ile ya kukojoza, na kwa kuwa hakujua ni ipi, aliziacha zote. Alipoona hakuna kilichomsibu, akawa anaziacha hata siku za kukaa nyumbani. Miezi yote ile tulikuwa tukitibu dawa zilizobaki mfukoni. Basi mwambieni mgonjwa, "Mama, nitolee mfuko wako, nionyeshe ulizomeza leo," kisha mhesabu naye vidonge. Na mnaowaambia waje bila kula kwa ajili ya kipimo cha sukari, wafafanulieni kwamba dawa ya presha na maji wameze.

4. Kuna vinavyoweza kupandisha presha: diklofenaki (dawa ya maumivu) ya magoti, miraa, na samaki wa chumvi kama papa na ng'onda. Ulizeni kimoja kimoja.

5. Ikibaki juu baada ya yote hayo, chunguzeni figo, kukoroma na pumzi kukatika usingizini, na aldosteroni (homoni inayofanya mwili ushikilie chumvi), hasa potasiamu ya damu ikiwa chini. Dawa ya nne iwe spironolaktoni, inayozuia aldosteroni. Utafiti wa PATHWAY-2 wa Uingereza, 2015, uliionyesha ikishinda dawa nyingine za presha, bisoprololi na doksazosini. Pimeni potasiamu na figo kabla ya kuianza, kisha tena wiki chache baadaye, na mgonjwa wa Kizingitini mpangieni tarehe baada ya kumuuliza boti yao huja siku gani.