Madoa ya kutu kwenye Browning, na ala ya ngozi inayolala nayo

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nina bastola ya Browning Hi-Power, ile ya chuma kitupu, na leseni yangu iko hai. Nyumbani Kizingo, Mombasa, hukaa kwenye sefu ndani ya ala yake ya ngozi, na kila mwezi huipulizia WD-40. Juzi nimeitoa nikakuta madoa ya hudhurungi upande mmoja wa slaidi (kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma), kama imenyunyiziwa mdalasini. Jirani anasema niisugue kwa ndimu na majivu, kisha nitafute wa kuipaka nikeli ing'ae. Tena vibao vya mti vya mpini vimepasuka. Niweke vya mpira? – Mstaafu wa bandari.

JIBU: Waalaikum salaam, mzee wangu. Ndimu iache kwenye samaki.

Ule weusi wa bastola yako, wenye mng'ao wa samawati si rangi iliyopakwa. Ni chuma chenyewe, kilichopitishwa kwenye kemikali za moto hadi uso wake ukageuka oksaidi nyeusi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Kutu nayo ni oksaidi, ila ni ndugu aliyeharibika: mwekundu, anavimba, hashibi. Asidi haiwatofautishi ndugu hao. Ukipaka ndimu, au siki, kutu itatoka na weusi utaifuata papo hapo, ubaki na baka jeupe litakaloshika kutu upya usiku huohuo. Sinia la shaba huvumilia ndimu na majivu, slaidi haivumilii.

Umesema madoa yako upande mmoja. Hapo umenipa jibu bila kujua: bila shaka ndio upande inaolalia. Ngozi nyingi za ala huivishwa kwa tanini, ileile ya magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa ng'ambo kutoka mwambao wetu. Tanini ina ukali wake, na juu ya hapo ngozi hunywa unyevu na kuushika. Katika mji ambao hewa yake ina chumvi, msimu wa kusi na masika, umeifunika bastola yako blanketi bichi na kuifungia mlango. WD-40 haikukuokoa kwa sababu kazi yake ya asili ni kufukuza maji. Utando unaobaki ni mwembamba, na huo nao ngozi imeunywa. Ala ni ya kuvaa kiunoni. Kulala, bastola ilale nje yake.

Sasa tuisafishe. Toa magazini (kikasha cha risasi), vuta slaidi, tazama chemba (tundu inamokaa risasi) kwa jicho kisha ipapase kwa kidole. Risasi ziwe chumba kingine. Paka mafuta ya bunduki juu ya madoa (ukikosa, ya cherehani yatafaa) uyaache mpaka kesho. Kisha chukua pamba ya chuma iliyo laini kuliko zote, ile ya sufuri nne, iloweshe mafuta, usugue kwa mkono mwepesi kama unayempaka mtoto dawa. Jaribu kwanza mahali panapofichwa na vibao vya mpini. Msasa hapana, hata ule uliochakaa. Kutu itatoka na weusi mwingi utabaki. Pakiwa na vishimo vinavyokwaruza ukucha, viache. Vijaze mafuta tu. Mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg pale Fort Jesus una chuma cha kupoteza, slaidi yako haina.

Ukimaliza, futa kwa kitambaa cha pamba, kile cha kanga kuukuu ndicho bora, halafu pitisha nta nyembamba ya aina wanayotumia watu wa makumbusho. Mimi huipenda nta kuliko mafuta kwa bastola isiyotembea, maana haitiririki ikaacha sehemu kavu. Ndani ya sefu weka vile vifuko vya chembechembe za silika, na uvikaushe kwenye oveni kila vinapobadilika rangi. Tena usiitoe kwenye chumba chenye ubaridi wa kiyoyozi ukaipeleka barazani kuwaonyesha wageni: chuma baridi kikikutana na hewa ya Mombasa kinatoka jasho, na vidole vya wageni vinaongeza chumvi.

Kuhusu nikeli, nakukataza. John Browning, Mmarekani aliyeianza kuibuni, alifariki 1926 kabla bastola hii haijakamilika. Dieudonné Saive wa kiwanda cha silaha cha FN, mjini Herstal, Ubelgiji, ndiye aliyeimalizia, ikatoka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13 wakati bastola ya Kimarekani Colt 1911 ilibeba 7. FN waliacha kuitengeneza 2018. Anayeipenda bastola ya namna hii hutazama kingo zilizonyooka na maandishi ya Herstal yasomeke. Kabla ya nikeli lazima chuma kisuguliwe kwa mashine, na mashine hulainisha kingo na kula herufi. Ikigusa namba ya bastola, umejitia matatani na sheria kwa sababu ya urembo. Kazi yoyote ya mwili wake apewe muuzaji silaha aliyesajiliwa.

Mpira nao sikushauri. Unashika vizuri mkononi, sikatai, lakini jasho hujificha nyuma yake na sura inakuwa ya kipini cha baiskeli. Kwa nini utafute mbali nasi tuna mpingo? Ni mzito hata unazama majini, una mafuta yake wenyewe, na weusi wake kando ya chuma cheusi, mzee wangu, hutatamani kingine. Wachonga vinyago wa Changamwe wanaujua. Sharti uwe umekauka sawasawa, la sivyo utapasuka kama hivyo ulivyonavyo. Kila kibao kinashikwa na skrubu moja tu. Tumia bisbisi inayojaa kwenye mfereji wake. Mpelekee mchongaji vibao vya zamani avifuate kama kigezo, bastola ibaki sefuni. Akimaliza, vya zamani vitie kwenye mfuko uviweke. Hata vikiwa na ufa, ndivyo vilivyozaliwa nayo.