Maurice Stokes kabla ya kuugua

Mmeuliza wiki hii: ni mwanamichezo gani wa zamani ambaye vijana wa leo wanapaswa kumjua? Jibu langu ni Maurice Stokes, mcheza mpira wa kikapu, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Rankin, Pennsylvania, mwaka 1933. Wachache wanaomfahamu wanajua habari ya ugonjwa wake. Mimi nataka waanze na uchezaji wake.

Alisoma Saint Francis, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Loretto. Mwaka 1955 timu ya chuo hicho ilishika nafasi ya nne kwenye NIT, mashindano ya timu za vyuo jijini New York, na bado mchezaji bora wa mashindano akatangazwa Stokes. Hebu fikirini alicheza vipi hadi tuzo ikawapita mabingwa! Akajiunga na Rochester Royals ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na msimu wa kwanza tu akawa mchezaji bora chipukizi. Alikuwa pande la mtu, mita mbili na ushei, lakini akishadaka ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, aliweza kuusukuma mpira mwenyewe mpaka mbele na kumtafuta mwenzake kwa pasi. Katika mechi 202 wastani wake kwa kila mechi ulikuwa pointi 16.4, ribaundi 17.3 na asisti (pasi za kuzaa kikapu) 5.3. NBA aliicheza misimu mitatu tu, na yote mitatu aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi.

Machi 12, 1958, timu ikiwa imeshahamia Cincinnati, alianguka uwanjani Minneapolis, akajigonga kichwa na kuzirai. Wakamzindua, akarudi kucheza. Hapo ndipo roho inaponiuma. Siku tatu baadaye akapangwa tena dhidi ya Detroit, akafunga pointi 12 na kudaka ribaundi 15. Ndani ya ndege ya kurudi nyumbani hali ikambadilika, akapoteza fahamu, na alipozinduka mwili ulikuwa umepooza. Alikuwa na miaka 24.

Mwenzake wa timu, Jack Twyman, mzungu aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, aliomba mahakamani awe mlezi wake wa kisheria. Alipigania fidia ya wafanyakazi, akaandaa mechi za hisani kila mwaka ili bili zilipwe. Mwanzoni waliongea hivi: Twyman anataja herufi moja moja, Stokes anapepesa jicho ikifika anayoitaka, mpaka neno likamilike. Twyman namheshimu sana. Ila tusisahau upande wa pili wa kitanda kulikuwa na mwanamume aliyefanya mazoezi miaka nenda rudi, akajifunza upya kutamka maneno, kupiga taipu na kuchora.

Alifariki Aprili 1970, akazikwa Loretto kama alivyotaka. Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu ulimpokea mwaka 2004, na Twyman ndiye aliyesimama kupokea kwa niaba yake. Miaka 34 baada ya kifo! Kwa mchezaji mwenye namba zile, walichelewa mno.