Kuchagua miche ya mizabibu kwa vinasaba: anza na wazazi

Wewe unayeanza kazi ya kuzalisha aina mpya za mizabibu, usikimbilie mashine. Wajue kwanza wazazi wa miche yako. Mche wa mbegu huweza kukaa miaka 3 hadi 5 kabla ya kuzaa, ndiyo maana tunasoma vinasaba vyake ukiwa bado kitaluni. Ila alama ya vinasaba, yaani kipande cha DNA kinachoonyesha jeni au asili fulani, haina maana kama hujui imetoka kwa mzazi gani.

Jenomu ya mzabibu, yaani mfuatano wa DNA yake yote, iliyochapishwa 2007 ni ya mmea mmoja, PN40024, uliochavushwa wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa hadi nakala mbili za kila moja ya kromosomu zake 19 zikakaribia kufanana. Mmea huo hauna Rpv1, jeni ya kromosomu ya 12 inayozuia ubwiri unyoya (ugonjwa wa vimelea vinavyofanana na ukungu), iliyotoka kwa mzabibu mwitu wa Marekani, Muscadinia rotundifolia. Ukitengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) za PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kwa kutazama PN40024 peke yake, huenda zisishike kipande cha mwitu, ukatupa miche bora. Hasara hiyo huigundui mpaka miaka imepita. Kwa hiyo pima wazazi wote wawili kabla ya mche hata mmoja.

Usiridhike na jeni moja. Barani Ulaya vimeshapatikana vimelea vinavyoishinda Rpv3, jeni nyingine ya kuzuia ubwiri unyoya, na Artaban, aina ya Ufaransa iliyosajiliwa 2018, inabeba Rpv1 na Rpv3 pamoja. Mzazi mmoja akiwa na nakala moja ya kila jeni, na mwenzake hana yoyote, robo tu ya watoto hupata zote mbili: katika miche 200, tarajia kama 50.

Chuma jani changa la nchani, ukubwa wa ukucha. Jani lililokomaa limejaa polifenoli na utelezi wa sukari, vitu vinavyozuia PCR. Weka PVP 2%, dawa inayonasa polifenoli, kwenye myeyusho wa CTAB wa kutolea DNA. Mchanganyiko ukigeuka kahawia, anza upya. PCR ikigoma usiongeze DNA, izimue mara 10.

Kagua pia ubaba kwa alama za vinasaba kama VVS2 na VVMD7. Mche usio na chochote cha baba huenda umetokana na ua la mama lililojichavusha, kwa kuwa stameni (viungo vya kiume vya ua) ziliondolewa kwa kuchelewa.

Mwisho, thibitisha kwa ugonjwa wenyewe. Kata diski za jani za sentimita 1, zilaze juu ya agari (utelezi mgumu wa maabara) upande wa chini ukitazama juu, kwani vimelea huingilia vitundu vya upande huo. Nyunyizia maji yenye spora, weka kwenye nyuzi 20 hadi 22, soma baada ya siku 5 hadi 7. Kila sahani iwe na diski za mzazi asiyestahimili. Hizo zisipoota ukungu mweupe, jaribio lote halihesabiki.