Damu mpya, chama kilekile?

Dada mmoja kaniandikia inbox juzi: "Kaka, nataka kuchukua fomu ya udiwani, sisi damu mpya si ndo tutakibadilisha chama?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana 2020 mimi ndo nilikuwa yeye.

Nilichukua fomu kwa mbwembwe. Suti ya kuazima, mpango wa mitaro na taka kurasa 14 nimeuprinti kwa rangi, nikajua wajumbe, wale wa chama wanaopiga kura nani agombee, wakiuona tu imeisha hiyo. Siku mbili kabla walikula pilau kwangu, kila mtu "kijana tuko pamoja". Siku ya kura mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ada ya kadi mara ya mwisho umelipa lini?" Nikajibu sijui nini huko, mambo ya vijana na mabadiliko. Kura nne. Nne! Na moja najua ni ya shemeji. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inataniana "wajumbe sio watu", mimi mpaka leo huo utani haunichekeshi.

Sasa nyie mnaokuja na moto, sikilizeni. Chama kiko mikononi mwa wanaoamua nani agombee, na hao wanachaguliwa huko tawini miaka kadhaa kabla, siku ambayo wewe uko bize unaangalia mpira. Hata ukiongoza kura za maoni, zile za ndani ya chama za kutafuta mgombea, vikao vya juu vinaweza kukata jina. Na usiseme utasimama peke yako, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilimpa mwanasiasa wa upinzani Mchungaji Mtikila ushindi 2013 kuhusu mgombea binafsi, yaani asiye na chama, ila bila chama bado hugombei.

Jina kubwa? Lowassa, waziri mkuu wa zamani, 2015 alitoka CCM akaingia Chadema ya upinzani, wiki moja tu kapewa kugombea urais, akazoa kura milioni 6 na ushee. Chama kilichokuwa kinamwita fisadi kikameza maneno yake, Dk. Slaa, katibu mkuu wao, akajiweka pembeni, na 2019 Lowassa mwenyewe akarudi zake CCM, waliobaki wakabaki na maelezo ya kutoa.

Kwa hiyo dada anza tawini, lipa ada, kaa vikao vile vya kuboa. Mimi saa hizi ni katibu wa tawi, Jumamosi tuna kikao na yule mama ndo anakuja kukagua daftari la ada, na kuna wawili hawajalipa, nawafuata leo jioni.