240Z yenye injini nyingine: mambo ya kukagua kabla hujatoa pesa

Usishangae ukifungua boneti ya Datsun 240Z, gari la zamani la spoti, inayouzwa Nairobi ukakuta injini isiyo yake. Magari haya yamepita miaka 50, na hapa Kenya yana sifa ya kukimbizwa. 240Z ilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Injini ikichoka, mwenyewe alitafuta nyingine akaipachika, maisha yakaendelea. Mimi yangu niliinunua ikiwa imeshabadilishwa, na naipenda kupita kiasi. Ila nilikagua nyingine kadhaa kabla yake nikaziacha, na hakuna hata moja niliyoiacha kwa sababu ya ubovu wa injini. Niliziacha kwa sababu ya kazi ya fundi aliyeiingiza.

Kwanza jua ni injini gani iliyomo. Ya asili ni L24, silinda sita kwa mstari, sisi (cc, ukubwa wa injini) 2393. Ubadilishaji ambao ningemshauri yeyote bila wasiwasi ni wa L28, sisi 2753, iliyokuja na 280Z na 280ZX, matoleo ya baadaye ya gari hili. Ni ukoo mmoja: inakaa kwenye mauntingi (vishikizo vya injini) zile zile, gia boksi inashika bila kukata kitu, na kabureta za zamani zinaweza kuendelea kutumika. Utaisikia tofauti mlimani, ambapo huhitaji kurudisha gia kila mara. Tazama ubavuni mwa bloku, upande wa kulia kuelekea nyuma: maandishi L24 au L28 yamegongwa pale pamoja na namba ya injini.

Aina ya pili ni ya wapenda kasi, hasa RB25DET yenye turbo, injini ya Nissan Skyline. Hapo unatoka nguvu za farasi 150 hivi unaingia 250, kwenye gari lenye uzito wa tani moja na kidogo. Ni raha ya ajabu ikifanywa vizuri. Lakini fundi analazimika kugusa karibu kila kitu: mauntingi, propela shafti, pampu ya mafuta, nyaya, kompyuta ya injini. Kila alipogusa ndipo pa kukagua.

Anza na njia ya mafuta. Kabureta inahitaji presha ndogo, psi (kipimo cha presha) tatu au nne tu. Injini ya kompyuta inataka kama psi 40. Nilikwenda kuona moja ya rangi ya chungwa, inang'aa, ikawaka kwa kugusa tu. Nikalala chini na tochi, nikafuata mpira wa mafuta kuanzia kwenye tangi. Ulikuwa mpira wa kawaida wa kabureta, umekazwa kwa klipu ya skrubu kwenye pampu ya presha kubwa, na kwenye maungio palikuwa na umajimaji unaometa. Kiasi cha shibiri moja chini yake lilipita bomba la ekzosi. Nilimwonyesha muuzaji, nikamwomba asiliwashe tena kabla hajalirekebisha, nikaondoka. Gari kama hilo linaweza kuua mtu, hata rangi ingekuwa nzuri namna gani.

Kisha nyaya. Inama chini ya dashibodi. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa seloteki nyeusi, bila fyuzi wala rilei, zitakulaza njiani. Ukiwa hapo, washa taa kubwa, waipa na feni kwa pamoja, usikilize kama injini inayumba.

Joto halipimwi kwa kuzunguka mtaa. Omba kuliendesha kwa kweli, na kama muuzaji anakubali, teremka mpaka Mai Mahiu kisha upande eskapimenti kurudi Limuru nyuma ya malori. Mshale wa joto ukitulia pale, na ukatulia tena ukiwa umekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way, basi aliyefunga radieta na feni alijua anachofanya. Muuzaji anayekataa kabisa ameshakujibu.

Breki na difu (gia za ekseli ya nyuma) zina hesabu yake. 240Z ilitoka kiwandani na diski mbele na dramu nyuma, na difu ya R180. Kwa L28 inayoendeshwa kistaarabu zinatosha. Kwa RB25 ningetaka kuona difu ya R200, ambayo ni kubwa zaidi, na diski kubwa zaidi mbele. Nguvu ikiongezwa na breki zikaachwa, kazi imeishia katikati.

Kutu sitairefusha, maana inahusu kila gari la umri huu: chini ya betri, sakafuni, kwenye reli zilizo chini ya sakafu, na nyuma ya milango. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe taratibu. Isiposhika, hapo ni puti ya kuzibia, si chuma. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na injini kali kwenye bodi iliyooza italipinda.

Makaratasi yakague mchana, ukiwa umesimama mbele ya gari lenyewe. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, na ya usukani wa kulia huanza na HS30. Linganisha namba ya injini na sisi na zile za logbook. Kama logbook bado inasema 2393 na ndani kuna injini nyingine, mwambie mwenye gari arekebishe yeye, kwa jina lake, kabla hujalipa. Wewe ukija kufanya hivyo baadaye bila risiti ya injini utahangaika, na siku ya ajali bima watakuuliza.

Kuhusu bei, usikubali kutajiwa bei za magari ya asili. Januari 2020 huko Marekani, 240Z ya mwaka 1971 ilinadiwa dola 310,000, na kilichowavuta wanunuzi ni kwamba haikuwa imechezewa. Iliyobadilishwa inauzwa kwa kigezo kingine. Kwa hiyo uliza mapema: L24 yake iko wapi? Kama imelala kwenye stoo ya muuzaji, hata ikiwa imekufa, idai iwemo ndani ya bei, na uende na pikapu ya kuibebea siku hiyo hiyo.